Youthpass pekee haitoshi
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba tangu Youthpass, cheti cha Umoja wa Ulaya cha kuonyesha alichojifunza kijana kwenye miradi ya vijana, ianze mwaka 2007, kijana anayejitolea Ulaya anarudi na cheti cha kumfungulia mlango wa ajira. Hapo sikubaliani naye. Nafanya kazi kwenye kituo cha vijana hapa Ujerumani na huwa nakaa na vijana wakikijaza cheti hicho: kila mmoja anaeleza mwenyewe alichojifunza katika maeneo nane ya umahiri, kuanzia lugha hadi uraia. Zoezi lenyewe ni zuri mno. Nimemwona binti mkimya akitambua kwamba kupanga bajeti ya kambi na kusuluhisha ugomvi wa zamu za jikoni ni ujuzi kamili. Lakini mwajiri anauliza nani amempima, na jibu ni hakuna. Ufaransa wana VAE, yaani utaratibu wa kuthibitisha ujuzi uliopatikana kwa uzoefu, tangu 2002: jopo linapima uzoefu wako, ukifaulu unapewa cheti kilekile cha aliyekaa darasani. Baraza la Umoja wa Ulaya lilizitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa aina hiyo ifikapo 2018, na bado vijana, hasa wahamiaji wenye uzoefu usio na karatasi, wanalazimishwa kuanza upya. Mlioko Uholanzi na Ufini, huko waajiri wanaichukuliaje Youthpass?