Rijili Kantori: nyota mbili au tatu?

Nyota angavu kuliko zote katika kundinyota la Kantarusi, Rijili Kantori au Alpha Centauri, kwa macho matupu ni nyota moja. Darubini ndogo inaonyesha ni mbili, zinazoitwa A na B. Vitabu vingi vya sasa vinasema ni tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyobishaniwa kwa muda mrefu.

Kuhusu A na B hakuna ubishi. Zinazungukana kwa takriban miaka 80, na wanaastronomia wameshauona mzunguko wote. Ya tatu, Proxima Centauri, ni habari nyingine. Mwanaastronomia Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg, alipoona nyota hafifu inayosogea angani karibu sawasawa na zile mbili, ingawa iko zaidi ya digrii 2 mbali nazo. Kwa mwendo huo, wengi waliihesabu kuwa ya tatu.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Abiria wawili wanaosafiri kwa basi moja si lazima wawe ndugu. Nyota zinaweza kwenda upande mmoja kwa sababu zilizaliwa katika kundi moja lililokwisha kutawanyika, au kwa sababu zinapishana tu. Tena Proxima iko mbali na wenzake kiasi cha mara 13,000 ya umbali wa Dunia hadi Jua. Kama kweli inawazunguka, mzunguko mmoja unachukua miaka kama 550,000. Hakuna atakayekaa kuusubiri.

Kwa hiyo ikabaki hesabu. Kwa umbali ule na kwa uzito wa A na B, nyota yoyote inayokwenda kasi kuliko mita 545 hivi kwa sekunde, ikilinganishwa na hizo mbili, haiwezi kushikiliwa na mvutano wao. Swali zima ni kama Proxima iko chini ya kikomo hicho. Vipimo vya zamani vilikuwa na shaka kubwa mno kuweza kulijibu, na mwaka 1993 kuna watafiti walioona kwamba takwimu za wakati ule zilielekea kuonyesha haijafungamana nazo. Ugumu ulikuwa katika kupima mwendo wa nyota kuja kwetu au kwenda mbali nasi. Mwendo huo husomwa katika mistari ya spektra, yaani nuru ya nyota iliyotawanywa katika rangi zake, na mistari hiyo husogezwa pia na mvutano wa nyota yenyewe na kuchemka kwa gesi kwenye uso wake. Makosa ya mita mia chache tu yanageuza jibu. Mwaka 2017, kwa vipimo vya HARPS, chombo cha kuchambua spektra kilichoko La Silla, Chile, mwanaastronomia Pierre Kervella na wenzake walipata kasi ya mita 273 hivi kwa sekunde, nusu ya kikomo.

Mimi nahesabu tatu. Ushahidi huo unanitosha, na faida yake ni kubwa: umri wa nyota kibete nyekundu (nyota ndogo na hafifu) kama Proxima ni vigumu kuupima, lakini ikiwa ni ya familia moja na A na B, yaelekea umri wao ndio wake, na wa sayari yake iliyotangazwa mwaka 2016.

Siwezi kusema hivyo kwa uthabiti uleule kuhusu Fomalhaut, nyota nyingine angavu. Nyota yake ya tatu, iliyotangazwa mwaka 2013, iko karibu digrii 6 mbali nayo angani, sawa na miaka ya nuru 2.5 hivi. Huko mvutano umelegea sana, na nyota nyingine ikipita jirani inaweza kuinyakua.

Upande wa pili, hesabu inaweza kuwa pungufu. Castor, nyota angavu nyingine, ilionekana moja, darubini ikaigawanya, na spektra zikaonyesha kwamba mfumo mzima una nyota 6. Ndiyo maana ningependa orodha za nyota ziandike idadi pamoja na sababu yake: A na B kwa mzunguko ulioonekana, Proxima kwa kasi iliyopimwa, na nyota ya tatu ya Fomalhaut kwa mwendo wa pamoja, hadi kipatikane kipimo bora.