Neno lililokatwa kwenye faili

Kwenye faili la kaka yangu kuna neno "skizofrenia" lililokatwa kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko mwingine, pameandikwa "baipola". Yote mawili ni majina ya magonjwa ya akili: la kwanza ni la kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, la pili ni la hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kati ya maneno hayo mawili imepita miaka minne. Daktari aliyebadilisha hakutumia kipimo cha damu wala picha ya ubongo, maana hakuna kinachotenganisha magonjwa hayo. Alimkuta tu kaka hajalala siku tatu, anaongea bila kituo, anapanga kununua meli. Vidonge vya zamani havikuondolewa, aliongezewa litiamu, dawa ya baipola.

Ukuta kati ya magonjwa hayo aliujenga Emil Kraepelin, daktari Mjerumani, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwafuatilia wagonjwa mwaka hadi mwaka: hawa wanazidi kudhoofika, wale wanapanda na kushuka, kisha wanapata nafuu. Alikuwa na jicho kali, simnyimi haki yake. Ila ukuta wake umekwisha kuvuja.

Mwaka 2000 mtafiti Alessandro Guidotti na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza bongo 60 za marehemu: 15 waliougua skizofrenia, 15 baipola, 15 sonona, na 15 wasio na maradhi ya akili. Walipima rilini, protini inayozipanga seli za neva mahali pake ubongo unapoumbika. Walipima pia GAD67, kimeng'enya kinachotengeneza GABA, ile kemikali inayozituliza seli zisifyatuke ovyo. Katika skizofrenia vyote viwili vilipungua, kwa asilimia 30 hadi 50. Katika baipola iliyofika hadi kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, vilevile. Katika sonona isiyo na mambo hayo, havikupungua.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma. Upungufu ulifuata dalili, haukufuata jina.

Najua pingamizi, na ni zito. Ubongo wa marehemu umeishi na dawa miaka mingi, pengine na sigara pia, na saa zinazopita kabla ya kuhifadhiwa huharibu mengi. Tunachopima huenda ni nyayo, mnyama alishapita. Kwa hiyo sidai kwamba rilini ndiyo chanzo, na anayekuuzia kipimo cha protini cha kukuambia una ugonjwa gani mkimbie. Ninachodai ni kidogo: jina kwenye faili ni makisio ya leo ya daktari, na likibadilika si lazima awe alikosea jana.

Mama hakuliona hivyo. "Basi miaka minne walikuwa wanamtibu nini?" Nikakaa naye, nikamweleza habari ya bongo 60 na ile protini inayopungua pande zote mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, mkononi ameshika kiboksi cha litiamu.

"Na hiyo rilini, mwanangu, inauzwa wapi?"

"Haiuzwi, mama."

Akafungua kiboksi, akahesabu vidonge vya jioni.