Utumwa, Mapinduzi na Darasa la Zanzibar

Wapo wazazi na walimu wengi Zanzibar wanaoamini kwamba habari za utumwa, za ghasia za Juni 1961 zilizoua watu 68, na za damu iliyomwagika katika Mapinduzi ya Januari 1964 hazifai kuzungumzwa kwa kina mbele ya vijana. Kufukua makaburi, wanasema, ni kumrithisha kijana chuki ambayo hakuzaliwa nayo, hasa katika visiwa ambako bibi mwenye asili ya Oman na babu aliyetoka Unyamwezi wanaweza kuwa na wajukuu wamoja. Tena darasani mtoto mwenye jina la ukoo wa Kiarabu anaweza kugeuzwa mshitakiwa, wenzake wakimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemiliki shamba la karafuu.

Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa mtoto huyo yupo kweli. Hata hivyo, kijana aliyenyimwa historia shuleni huipata kwingine: kwenye jukwaa la kampeni, kwenye simu, au barazani, ambako kila upande una nusu yake. Upande mmoja husimulia utumwa na kunyamazia waliouawa mwaka 1964, na mwingine huwalilia waliouawa huku ukidai kwamba utumwa wa pwani ulikuwa wa upole. Nusu hizo ndizo zinazozaa chuki, na ukimya wa shule huziachia uwanja.

Kusema kweli kunaanza kwa kutopunguza uzito wa jambo. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalistawi kwa jasho la watumwa, soko lao likafungwa mwaka 1873 baada ya Uingereza kumshinikiza Sultan Barghash, na hata hapo utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897. Lakini kijana anapaswa kujua pia kwamba misafara ya watumwa ilikopeshwa mitaji na wafanyabiashara wa Kihindi, kwamba Wayao na Wanyamwezi walishiriki katika biashara hiyo, kwamba Wafaransa walinunua watu kwa ajili ya mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion, na kwamba Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mashuhuri wa watumwa, alikuwa na asili ya Kiafrika pia. Orodha hiyo haimsafishi mwenye shamba. Inamwonyesha mwanafunzi kwamba dhambi ya biashara ile haiwezi kusomwa usoni mwa jirani yake wa leo.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni ya wakoloni. Waingereza waliwapanga raia kwa makundi ya Waarabu, Wahindi na Waafrika, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata makundi hayo. Vyama vya siasa vilivyoanzishwa miaka ya 1950 vilikuta uhasama umekwisha kupewa majina.

Nakubali kwamba mtoto wa darasa la tatu hahitaji maelezo ya mauaji. Wa kidato cha tatu anayahitaji, utumwa na Mapinduzi vikifundishwa pamoja, na mwalimu akiwa ameandaliwa kumlinda mwanafunzi yeyote anayenyooshewa kidole. Mwalimu naye anahitaji kulindwa, kwani katika siasa za Zanzibar anayetaja waliouawa mwaka 1964 huitwa haraka mpinzani wa Mapinduzi, na wizara isipomkingia kifua kwa mtaala ulioandikwa waziwazi, atachagua kunyamaza.