Hao wanaoendesha, wanakwenda wapi?

Tangu nimwambie babu yangu kwamba Jumamosi huwa naendesha baiskeli kando ya mto, kila nikimpigia simu hatuwezi kuagana kabla hajaniuliza swali lake.

"Mume mwenzangu, hao Wazungu wanaoendesha na wewe, wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, babu. Wanafika mbele huko, wanageuza, wanarudi."

"Wamebeba nini?"

"Hawajabeba kitu."

Hapo hunyamaza kidogo, kisha hucheka kile kicheko chake cha kikohozi. "Basi baiskeli inachoka bure."

Huu ni mwaka wa tatu nalitafuna jibu hilo, na kila nikipanda baiskeli naona mzee ana hoja.

Naishi Norristown, mji mdogo wa Pennsylvania, juu kidogo ya Philadelphia. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Asubuhi ya Jumamosi nikitoka kazini silali. Nachukua baiskeli yangu ya mtumba, nateremka hadi mtoni, nakamata njia ya baiskeli ya kuelekea Manayunk, mtaa wa Philadelphia. Mto unaitwa Schuylkill. Usihangaike na herufi hizo zote, wenyewe wanautamka kama "Skukil". Jina waliupa Waholanzi, na maana yake ni mto uliojificha.

Njia yenyewe ni lami safi, gari haliruhusiwi, na karibu yote ni tambarare. Mwanzoni nilidhani nimepata nguvu za ajabu, kumbe sifa ni za treni. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walilazimika kuchonga ardhi na kujaza tuta mpaka ikalala. Hapa ninapopita palikuwa na reli ya Pennsylvania Railroad, iliyofunguliwa mwaka 1884. Pembeni yake kuna reli nyingine ya kampuni ya Reading, na hiyo mpaka leo inapitisha treni za abiria, zinakupita ukiwa unapiga pedeli. Kampuni mbili, bonde moja, zikigombea mzigo uleule: makaa ya mawe kutoka milimani. Moja ilishindwa, tuta lake ndilo hili ninaloendeshea.

Na kabla ya reli palikuwa na mfereji. Ulikamilika mwaka 1825, kama kilomita 170 za mabwawa na mifereji iliyounganishwa na mto, mashua za makaa zikivutwa na nyumbu waliotembea ukingoni. Nyumbu wa kufugwa, mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti. Mwaka 1842 reli ya Reading ikafika kwenye migodi, na mwaka 1870 hiyo hiyo kampuni ya reli ikaukodi mfereji. Ukiona adui yako amekuwa mpangaji wako ujue mambo yamekwisha. Tena makaa yenyewe ndiyo yaliyouziba: vumbi lililooshwa migodini liliteremka likajaa kwenye mabwawa, tope jeusi, mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya jimbo ikabidi iuchimbue mto upya.

Ukifika Manayunk unaiacha reli, unaingia kwenye njia yenyewe ya nyumbu. Mfereji bado upo hapo, maji ya kijani yaliyotulia, nyuma ya viwanda vya zamani vya nguo ambavyo sasa ni nyumba za kupanga na migahawa. Mimi nina kituo changu. Kuna gogo limelala majini na kobe wa maji hupanda juu yake kuota jua, saba au wanane, shingo zote zimeelekea upande mmoja. Nakaa, nafungua chupa yangu ya chai ya maziwa, nawaangalia. Mmoja akiteleza akaanguka, wengine hawageuki hata kutazama. Hiyo ndiyo tabia ya mji huu.

Sasa nije kwenye kinachonikera.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye maegesho ya njia hii nilikuta magari yamejaa, na nyuma ya kila gari kuna chuma cha kufungia baiskeli. Nikasimama kutazama. Mtu ana baiskeli. Anaifunga kwenye gari. Anaendesha gari mpaka njia ya baiskeli. Anaishusha, anavaa nguo za kubana zenye mto matakoni, anaendesha saa mbili, anarudi palepale, anaipandisha garini, anakwenda nyumbani. Nilipomsimulia babu hili hakuamini. Alidhani nimeanza kumtania, maana sisi ni watani.

Lakini ukikaa hapa unaelewa kwa nini. Barabara za mjini zinatisha. Mimi sina chuma cha kufungia, kwa hiyo nateremka na baiskeli mpaka mtoni, na dakika kumi hizo ni za hatari kuliko saa zote mbili za njiani. Wiki chache zilizopita dereva alinipita karibu kiasi kwamba kioo chake kiligusa mkono wa koti langu, akapiga honi kana kwamba mimi ndiye niliyemgusa. Na wanaopita barabara hizo kwa baiskeli kila siku nawajua: vijana wa kupeleka chakula, wapishi wa migahawani, akina sisi. Hatupiti kwa ajili ya afya. Wengi wetu njia ya mtoni tunaisikia tu, kwa sababu haitupeleki kazini.

Kwa hiyo mnaponiandikia "wenzetu wameendelea, angalia wana barabara ya baiskeli peke yake", nakubali nusu. Wanayo, na ni nzuri. Mpango ni ifike kama kilomita 190, kutoka Philadelphia mpaka huko kwenye migodi ya zamani, na zaidi ya kilomita 100 zimekwisha. Mto ukifurika, kama ulivyofurika Septemba 2021 kwa mvua za kimbunga Ida, unaiacha imejaa tope, na watu wanatoka na makoleo. Hilo nawavulia kofia. Ila wamemjengea nani? Mwenye gari aliyechoka kukaa garini.

Na kwetu?

Kwetu ni Nachingwea, kusini mwa Tanzania, nje kidogo ya mji. Wanaojua historia wanajua kwamba na sisi tulikuwa na reli. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga. Karanga zilipaswa kulimwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ziteremke mpaka pwani, zikawape mafuta watu wa Ulaya waliotoka vitani. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, reli ikabaki imesimama kama mtu aliyevaa kwenda harusini akaambiwa harusi imeahirishwa. Ilijikongoja, na mapema miaka ya 1960, muda mfupi baada ya uhuru, ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Babu aliiona akiwa kijana. Anachokumbuka zaidi ni filimbi.

Tuta halikung'olewa, maana nani atang'oa udongo? Nikiwa mtoto kipande chake kilikuwa njia yetu ya shambani. Hakuna aliyeita njia ya baiskeli, lakini baiskeli ndizo zilizopita: Foniksi nyeusi zenye keria ya chuma, gunia la korosho nyuma, jingine limelazwa katikati ya fremu, mwenyewe anasukuma kwa miguu mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Mgonjwa alipelekwa zahanati kwa baiskeli. Mahari ya shangazi yangu mmoja ilikuja na baiskeli. Chini ya mwembe alikaa fundi na beseni lake la maji, anazamisha tyubu anatafuta mapovu, akiona pancha anakuna na msasa, anapaka solusheni, anapuliza, anabandika kiraka. Kazi hiyo ukimpa fundi wa hapa Marekani anakutazama kwa huruma, anakuuzia tyubu mpya.

Ndiyo maana nasema tuna deni. Huku baiskeli ni mchezo na imepewa lami. Kwetu baiskeli imebeba uchumi wa kijiji, na barabara mpya ikijengwa anayeendesha baiskeli anaachiwa kile kipande cha kokoto pembeni, basi likija ajirushe mtaroni na gunia lake. Msiniambie habari ya pesa. Sehemu ngumu ya njia kama hii ni kuisawazisha ardhi, na penye tuta kazi hiyo ilifanywa na babu zetu kwa ujira wa mkoloni. Linalobaki ni makalvati, kifusi kilichoshindiliwa, na mtu ofisini wa kusema kwamba hapa gari halipiti. Huyo wa mwisho ndiye adimu. Dar njia za pembeni ya mwendokasi tunazo, na nilipopita mara ya mwisho bodaboda ilinipigia honi nipishe, mimi mtembea kwa miguu, kwenye njia ya watembea kwa miguu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Nikamwomba babu Foniksi yake. Akaniangalia kama naomba mke. "Breki ya nyuma haishiki," akasema, "na unamjua wa kumuuliza ukiivunja." Nikafunga debe la mahindi nyuma, maana alikataa katakata niondoke mtupu. "Usiichoshe bure."

Nikashika tuta asubuhi mapema. Umande, mikorosho pande zote mbili, na salamu. Huku Pennsylvania naweza kuendesha saa mbili nikaambiwa neno moja tu, la kuonya kwamba mtu anakupita kushoto. Hata salamu si salamu, ni honi ya mdomo. Kule kwetu nilishuka mara sita kuamkia wazee, na mmoja alitaka kujua mimi ni mtoto wa nani, ikabidi nianzie kwa babu wa babu.

Mbele yangu akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, katikati kabisa ya njia. Mazoea ni kitu kibaya. Kabla sijafikiri nikapaza sauti: "Kushoto kwako!"

Mama aliruka kulia, kuni zikatawanyika chini zote, akanigeukia macho yamemtoka.

"Kushoto kuna nini, mwanangu? Nyoka?"