Pumba Tunazowapa Nguruwe

Kila ninapopeleka mahindi mashineni hapa Mbeya huumia kuona punje iliyotoka shambani ikiwa kamili ikivuliwa ganda na kiini chake, sembe nyeupe ikabebwa nyumbani kwa heshima, na pumba zikafungwa magunia kwa ajili ya nguruwe na kuku.

Tunachowapa mifugo ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea isiyomeng'enywa katika utumbo mwembamba, na kwa kuwa haimeng'enywi, wengi hudhani haina kazi. Zile zisizoyeyuka, ambazo ndizo nyingi katika pumba za mahindi, hulainisha choo na kumshibisha mlaji. Zinazoyeyuka, ambazo tunazipata katika maharage na parachichi, hufanya ute mzito unaochelewesha sukari kuingia katika damu. Ute huo hunasa pia asidi za nyongo na kutoka nazo, hata ini likalazimika kuchota lehemu (kolesteroli) kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Hapo ndipo moyo unaponufaika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na sembe iliyoongezwa vitamini na madini, pamoja na faida zake, hairudishiwi nyuzinyuzi zilizobaki mashineni.

Najua kwa nini dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, inadharauliwa. Wengi wetu tuliosoma bweni tuliila ikiwa chungu na yenye harufu, tukaapa kutoigusa tena, lakini kosa lilikuwa la mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Jambo hili si dogo, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na hivyo anayekula dona hana budi kuyakausha mahindi yake vizuri na kuchambua kila punje yenye ukungu au iliyotobolewa na wadudu.

Nyumbani tulianza kwa kuchanganya nusu dona na nusu sembe, tukiongeza maji ya kunywa, maana utumbo usiozoea hujaa gesi ukibadilishiwa chakula ghafla. Sasa mgeni akija tunamwandalia ugali wa dona, maharage, majani ya maboga na parachichi la Rungwe, na sioni tena haja ya kumwomba radhi kwa rangi ya ugali.