Kabla ya kichwa, sanduku

Vikundi vingi vya vikaragosi ninavyovijua huanza na kichwa. Mtu anachonga sponji la godoro, anabandika vizibo vya soda viwe macho, wenzake wanacheka, basi mchezo umezaliwa. Safari ya kwenda kuonyesha mchezo inakumbukwa wiki ya mwisho. Mimi siku hizi naanza na sanduku la kusafirishia vikaragosi, na wanaoniona mchoyo wa ubunifu waendelee tu kuniona hivyo.

Nilitiwa adabu na safari ya Ifakara. Vichwa vyote tulikuwa tumevibandika kwa gundi ile ya vijiti inayoyeyushwa kwa umeme, maana inashika upesi. Sanduku likapanda kwenye keria ya Kosta asubuhi, likapigwa jua mpaka saa nane mchana. Kulifungua, taya la Bibi limelala mapajani mwa Sungura, na jicho lake moja linaning'inia kwenye uzi wa gundi mithili ya mlenda. Kitu kinachoyeyushwa kwa moto ungetegemea jua likifanyeje? Tukamfunga Bibi mtandio kuanzia utosini mpaka kidevuni, tukasema jino linamuuma. Watoto walimpenda kweli. Lakini tangu siku hiyo taya linashonwa kwa uzi wa fundi viatu.

Sanduku langu lina urefu wa sentimita 90, kwa hiyo hakuna fimbo ya kuchezeshea kikaragosi inayozidi hapo. Jukwaa ni mabomba ya plastiki ya maji, yamekatwa vipande na kuungwa kwa elbo. Pazia ni kaniki. Kanga inapendeza, ila jua likiwa nyuma yenu kila mtu uwanjani anaona vivuli vyenu mnavyohangaika.

Kuna watakaosema nawalazimisha watengeneze vitu vidogo. Hapana. Little Amal, yule kikaragosi wa msichana mkimbizi aliyetengenezwa na kikundi cha Handspring cha Cape Town, ana mita 3.5, na mwaka 2021 alitoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, Uingereza, kama kilomita 8,000. Mwili wake ni henzerani na nyuzi za kaboni. Mmoja anamwendesha kwa ndani akiwa juu ya mironjo, wawili wanashika mikono. Wepesi ule waliuamua karakanani, barabara bado iko mbali.

(Neno lenyewe kikaragosi ni msafiri: asili yake ni Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Kituruki. Sisi tukamgeuza tusi la kisiasa.)

Ninapogombana zaidi na wenzangu ni kwenye mazoezi. Ukumbini sauti zinasikika vizuri mno. Nendeni mkafanyie karibu na mashine ya kusaga. Sentensi ndefu zitajikata zenyewe.

Na siku mbili kabla ya kuondoka, nampa sanduku kijana mgeni kuliko wote kikundini, bila maelezo, asimamishe jukwaa. Wa mwisho alitumia dakika arobaini, tena pazia akaliweka ndani nje. Tukapaka rangi nyekundu kwenye elbo za mbele, nyeupe za nyuma.