Theo na Ozzy: marehemu asemwe yote au aachwe apumzike?

Julai 2025 ilitupiga vibaya sisi wapenzi wa tv na muziki wa zamani, maana Jumapili ya tarehe 20 Malcolm-Jamal Warner alizama baharini huko Costa Rica akiwa na miaka 54 tu, bado hatujakaa sawa Jumanne ya tarehe 22 Ozzy Osbourne naye akafariki kwao Uingereza, miaka 76. Mmoja ndo yule Theo wa The Cosby Show, ile shoo ya familia ya Marekani ya miaka ya 80, mwingine ndo sauti ya Black Sabbath, bendi ambayo kwa watu wengi heavy metal, yaani rock nzito, ilianzia pale. Na kama kawaida watu wakagawanyika: kuna wanaosema marehemu hasemwi vibaya, taja mazuri yake umuombee basi, na kuna wanaosema hapana, hawa ni watu wa hadharani, semeni yote.

Nianze na Ozzy maana kwake ndo pagumu. Stori iliyozunguka kuliko zote ni ya popo. Januari 1982 yuko jukwaani Des Moines Marekani, shabiki akarusha popo, jamaa akadhani ni la mpira akaling'ata kichwa, akaishia kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Watu wanaisimulia wanacheka na sina neno, ni sehemu ya historia yake. Ila kuna ya mwaka 1989, akiwa amelewa na madawa juu alimkaba mke wake Sharon shingoni, polisi wakaja wakamkamata kwa tuhuma za kujaribu kuua, Sharon akaamua kesi isiendelee, Ozzy akapelekwa kwenye kituo cha kuacha ulevi. Hii ya pili ndo naiona inarukwa au inapewa nusu sentensi, wakati popo anapewa aya nzima na picha juu, jamani!

Sasa wanaotaka kunyamaza wana hoja, tena sio nyepesi. Tarehe 30 Julai msafara wa jeneza ulipita Broad Street pale Birmingham, ukasimama kwenye daraja lenye jina la bendi yake, Sharon akashuka na watoto, analia hajiwezi, akawanyanyulia mashabiki vidole viwili vya amani. Walioana 1982 na alikuwa naye mpaka mwisho. Kwahiyo mtu anakuuliza, kama aliyekabwa mwenyewe alisamehe akabaki, wewe uliyekaa huko na simu yako unafufua ya nini? Halafu jamaa alibadilika kweli, na wiki mbili na siku kadhaa kabla ya kufa, tarehe 5 Julai, aliimba kwenye uwanja wa Villa Park mtaani kwao kabisa Aston alikokulia, amekaa kwenye kiti kikubwa cheusi kwa sababu ugonjwa wa Parkinson, wa mishipa ya fahamu, ulishamnyima miguu, na pesa zikaelekezwa hospitali ya watoto, nyumba ya kulelea watoto wagonjwa mahututi na utafiti wa Parkinson. Mtoto aliyeacha shule na miaka 15, akafanya kazi machinjioni, akafungwa wiki kadhaa kwa wizi, kufika hapo sio mchezo.

Naielewa hoja hiyo ila siwezi kuimeza yote, kwa sababu Sharon hakuwahi kuficha, ameisimulia mwenyewe mbele ya kamera. Sasa mwenye kidonda kasema, sisi tunaifuta kwa niaba ya nani? Kuna mwanamke sahivi yuko ndani na mume mlevi, akisoma maisha ya Ozzy yote ni vituko vya kuchekesha tu, anaambiwa kwamba kukabwa ni mambo madogo ya wasanii. Hapo ndo mimi nakataa.

Lakini geuza upande wa pili uone kwa Warner. Huyu hana kashfa, ila kabeba ya mtu mwingine. Tuhuma za wanawake wengi kwamba Bill Cosby, mwenye shoo na aliyeigiza baba yake Theo, aliwadhalilisha kingono zilipolipuka 2014, vituo vikaanza kuondoa marudio ya The Cosby Show. Cosby akatiwa hatiani 2018, na 2021 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Pennsylvania ikaitengua hukumu. Wanaounga mkono kuondoa wanasema huwezi kuwawekea wale wanawake sura yake ya baba mwema sebuleni kila jioni, na hilo nalo ni kweli. Ila chukua kile kipande cha sehemu ya kwanza kabisa, 1984. Theo kaleta D za kutosha, anamwambia baba yake anipende nilivyo sababu mimi ni mwanao, watu studio wanapiga makofi, halafu baba anamkatisha kwamba hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Utamuonyeshaje Theo bila Cosby? Haiwezekani. Ukiondoa mmoja umezika wote, na malipo ya marudio ya waigizaji wengine yanaondoka hivyo hivyo. Warner mwenyewe alisema 2015 kwamba kinachomuuma ni watu weusi kupoteza kile walichokuwa wanakionyesha dhidi ya picha mbaya wanazopewa kwenye tv. Kijana huyo huyo 2015 alishachukua tuzo ya muziki ya Grammy pamoja na wanamuziki Robert Glasper na Lalah Hathaway, akaja kuigiza daktari kwenye The Resident, na bado wengi siku aliyokufa walimjua kwa Theo tu.

Kwahiyo msimamo wangu: maovu yasemwe, kazi isifutwe. Rudisheni shoo, wekeni maelezo mwanzoni kwamba Cosby alituhumiwa hivi na mahakama ikaenda hivi, mtazamaji ataamua, asiyetaka atabadili chaneli.

Wapo wanaosema sawa, tutasema yote ila tusubiri arobaini ipite. Kwa jirani yangu nakubali kabisa, pale msibani mama yake amekaa kwenye mkeka unaanzaje. Kwa staa wa dunia ngoma ni ngumu, kwa sababu tanzia inaandikwa ndani ya saa moja, na hiyo hiyo ndo mtoto wa 2040 ataikuta akitafuta jina la Ozzy, hakuna anayerudi siku ya arobaini kuongeza lile la 1989.